Kavuka daraja, kazi ni ileile: kodi ya majimbo mawili kwa aliyehama Rock Island kwenda Davenport katikati ya mwaka

Jumamosi ya 12 Julai 2025, mfanyakazi mmoja wa ghala alifungasha vitu vyake Rock Island, Illinois, akavuka daraja la Centennial juu ya mto Mississippi na kuvishusha Davenport, Iowa. Ni mwendo wa dakika chache. Kazi hakubadilisha. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye ghala lilelile, upande uleule wa Illinois, kwa dola 25 kwa saa, saa 80 kila wiki mbili. Alimpa mwajiri anwani mpya ya kutumiwa barua, basi.

Januari 2026 ikaja fomu yake ya W-2, yaani taarifa ya mwajiri ya mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Kisanduku cha 15 kimeandikwa IL. Kisanduku cha 16, mshahara wa jimbo, dola 52,000. Kisanduku cha 17, kodi ya jimbo iliyokatwa, dola 2,432.82. Iowa haipo popote kwenye karatasi hiyo. Ukiisoma kama ilivyo, utaamini kwamba mtu huyu ni wa Illinois mwaka mzima na kwamba deni lake na Illinois limekwisha. Si kweli, na kosa hilo lingemgharimu zaidi ya dola 500.

Tukichambue kisa hiki hatua kwa hatua, maana eneo la Quad Cities, yaani Rock Island, Davenport na miji jirani ya pande zote mbili za mto, lina Wakongo, Warundi na wasemaji wengine wa Kiswahili wanaovuka mto huu kila siku, na W-2 ya namna hii ni ya kawaida. Hesabu ni ya mtu asiye na mke wala watoto, kwa mwaka wa kodi 2025.

Kwa nini W-2 imekosea

Tangu 1973 Illinois na Iowa zina makubaliano kuhusu mshahara: mkazi wa Iowa anayefanya kazi Illinois hutozwa kodi ya mshahara huo na Iowa peke yake, na mkazi wa Illinois anayefanya kazi Iowa hutozwa na Illinois peke yake. Kinachoangaliwa ni unapoishi. Kwa hiyo kuanzia 12 Julai, Illinois haikuwa tena na haki ya kodi kwenye mshahara wa ndugu huyu, hata kama kila sanduku alilobeba lilikuwa kwenye ardhi ya Illinois.

Lakini mwajiri hawezi kuacha kukata kwa sababu tu anwani imebadilika. Anahitaji fomu IL-W-5-NR, ambayo mfanyakazi anaijaza na kuitia sahihi kwamba yeye ni mkazi wa Iowa, kisha anaikabidhi ofisi ya mishahara. Fomu hiyo haitumwi serikalini, inabaki kwenye faili la mwajiri. Huyu hakuijaza. Mashine ya mishahara ikaendelea kukata dola 93.57 kila malipo, mara 26, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aliyezoea PAYE ya Tanzania, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ambako mwajiri akishakata na kuipeleka mamlaka ya mapato (TRA) mwenye mshahara mmoja hana la kufanya, hukwama hapa kwa urahisi sana. Marekani kiasi kinachokatwa kwenye mshahara ni makisio tu. Kodi yenyewe inapatikana kwenye ritani, yaani fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka unayoijaza na kuituma serikalini, na ritani ndiyo inayosema ni ya jimbo gani.

Kugawa mwaka

Kabla ya kugusa fomu ya jimbo lolote, ritani ya serikali kuu, yaani Form 1040, iwe imekamilika. Majimbo yote mawili yanachukua namba kutoka huko. Ya ndugu huyu ni fupi: mshahara dola 52,000 na riba ya akiba benki dola 300, jumla 52,300. Ukitoa punguzo la kawaida la mtu mmoja kwa 2025, dola 15,750, mapato yanayotozwa kodi ni dola 36,550.

Sasa mgawanyo. Alilipwa kila Ijumaa ya pili kuanzia 10 Januari. Hadi Ijumaa ya 11 Julai, siku moja kabla ya kuhama, alikuwa amepokea malipo 14, yaani dola 28,000. Baada ya hapo malipo 12, dola 24,000. Hati ya mshahara ya 11 Julai ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika kisa hiki. Chini yake kuna safu ya jumla tangu mwaka uanze, na hapo imeandikwa 28,000.00. Itunze kama unavyotunza hati ya kiwanja. Nyingine za mwaka unaweza kuzikosa, hiyo usiikose.

Kwake kipindi cha malipo kilifungwa siku hiyohiyo ya Ijumaa, kwa hiyo mstari umekatika vizuri. Wengi hawana bahati hiyo: malipo moja yanabeba siku za kabla na za baada ya kuhama. Hapo gawa kwa siku za kazi, andika hesabu yako kwenye karatasi, na tumia mgawanyo huohuo kwenye ritani zote mbili. Illinois ikisoma 28,000 na Iowa ikisoma 22,000 huku W-2 inasema 52,000, dola 2,000 zimepotea na mtu atakuuliza zilikwenda wapi.

Riba nayo inafuata makazi. Taarifa ya benki ya mwisho wa mwaka, 1099-INT, inatoa jumla tu, kwa hiyo fungua taarifa za kila mwezi: dola 120 ziliingia kabla ya kuhama, dola 180 baada yake. Ni kiasi kidogo, lakini kisipogawanywa jumla za fomu hazitakubaliana.

Illinois inabeba dola 28,120 na Iowa dola 24,180.

Upande wa Illinois

Fomu ni IL-1040, ritani ya Illinois, pamoja na Schedule NR, kiambatisho cha wasio wakazi na wakazi wa sehemu ya mwaka. Kwenye ukurasa wa kwanza wa IL-1040 weka alama kwenye kisanduku cha mkazi wa sehemu ya mwaka. Kuna wanaoweka alama ya asiye mkazi kwa sababu leo hawakai Illinois. Kisha wanadai warudishiwe kila senti iliyokatwa, pamoja na ile ya Januari hadi Julai. Pesa zinaweza hata kuingia, halafu Illinois inazifuata pamoja na riba na adhabu.

Mwanzoni mwa Schedule NR utaulizwa tarehe ulizokaa Illinois. Hapa kuna mtego unaowanasa hasa wasomaji wetu. Marekani mwezi hutangulia siku. Tarehe 12 Julai inaandikwa 07/12. Ukiandika 12/07 kama tulivyofundishwa shuleni, umeiambia Illinois kwamba ulihama tarehe 7 Desemba, na miezi mitano ya mshahara imerudi kwake. Andika 01/01 hadi 07/11 kwa Illinois, na 07/12 kuwa siku ya kuingia Iowa. Weka alama pia kwenye kisanduku cha Iowa katika orodha ya majimbo yenye makubaliano: Iowa, Kentucky, Michigan na Wisconsin.

Kisha kuna safu mbili. Safu A ni namba za Form 1040 kama zilivyo, yaani mshahara 52,000 na riba 300. Safu B ni sehemu ya Illinois: 28,000 na 120. Programu za kujaza kodi huvuta 52,000 kutoka kisanduku cha 16 na kuibandika safu B bila kukuuliza. Lazima uende kwenye ukurasa wa kugawa mapato ya majimbo uibadilishe kwa mkono. Usibadilishe kisanduku cha 16 chenyewe ulipoingiza W-2, kwa sababu nakala uliyoingiza inatakiwa ifanane na ile mwajiri aliyoipeleka serikalini.

Kwa kuwa safu B yako haitalingana na W-2, Illinois itataka sababu. Muombe mwajiri barua kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, itaje jina lako, kiasi sahihi cha mshahara wa Illinois (dola 28,000), na kwamba kuanzia 12 Julai ulikuwa na anwani ya Iowa. Akikubali kutoa W-2c, yaani W-2 iliyosahihishwa, ni bora zaidi: kisanduku cha 16 kitashuka hadi 28,000, ila cha 17 kitabaki 2,432.82 kwa sababu pesa hizo zilikatwa kweli. Omba mapema. Ofisi ya mishahara mwezi Aprili haina muda na mtu.

Hesabu yenyewe: kila mkazi wa Illinois ana dola 2,850 zisizotozwa kodi kwa 2025, lakini wewe hupati zote. Unapata kwa uwiano wa mapato ya Illinois na mapato yote: 28,120 ukigawa kwa 52,300 ni 0.538. Zidisha kwa 2,850, unapata 1,533. Toa kwenye 28,120, zinabaki dola 26,587. Kiwango cha Illinois ni kimoja, asilimia 4.95, kwa hiyo kodi ni dola 1,316. Zilizokatwa ni 2,433. Anarudishiwa dola 1,117.

Anayejipa 2,850 zote atapata kodi ya dola 1,251, pungufu ya dola 65, na barua ya masahihisho itamfuata.

Upande wa Iowa

Iowa inatumia IA 1040, ritani yake, pamoja na IA 126, fomu ya wasio wakazi na wakazi wa sehemu ya mwaka. Njia yake inawashangaza watu kwa sababu inaanza kana kwamba uliishi Iowa mwaka mzima.

Chukua dola 36,550, mapato yanayotozwa kodi kutoka Form 1040. Kiwango cha Iowa kwa 2025 ni asilimia 3.8 kwa wote, kwa hiyo kodi ni dola 1,389. Toa nafuu ya kodi ya mtu mmoja, dola 40, inabaki 1,349. Ndipo IA 126 inapoingia: mapato ya Iowa 24,180 ukigawa kwa 52,300 ni asilimia 46.2. Asilimia 53.8 iliyobaki si ya Iowa, kwa hiyo unapewa nafuu ya asilimia 53.8 ya 1,349, yaani dola 726. Kodi ya Iowa ni dola 623.

Kwa nini wasichukue tu 24,180, watoe 15,750 na kutoza kilichobaki? Kwa sababu mtu angetumia punguzo la mwaka mzima kwenye mapato ya nusu mwaka. Hesabu hiyo ya mkato ingeleta kodi ya dola 280 baada ya nafuu ya 40, na wanaojaza kwa mkono huiandika mara nyingi. Ukiona kodi ya Iowa iko chini sana, angalia kwanza kama umeingiza mapato ya mwaka mzima kwenye IA 1040 kabla ya kwenda IA 126.

Juu ya 623 kuna kodi ya ziada ya wilaya ya shule. Ni asilimia ya kodi yako ya Iowa, na inategemea ulikolala tarehe 31 Desemba. Si kila wilaya inatoza, na viwango vinatofautiana, kwa hiyo tafuta namba ya wilaya yako kwenye jedwali la maelekezo ya IA 1040, uiandike pamoja na namba ya kaunti. Davenport iko kaunti ya Scott, namba 82. Anwani ya posta isikudanganye, kwani mipaka ya wilaya za shule haifuati mipaka ya mji. Wilaya inayotoza asilimia 5, kwa mfano, ingeongeza dola 31 kwenye 623.

Iowa haikukatiwa hata senti, kwa hiyo kiasi chote hiki anakilipa mwenyewe.

Kosa linaloonekana la busara

Wengi wanaojua kwamba majimbo mawili hayapaswi kutoza pato moja hukimbilia fomu IA 130, nafuu ya kodi iliyolipwa jimbo jingine. Wanasema: Illinois imekwisha kunikata kwenye zile dola 24,000, acha Iowa initambulie. Asilimia 4.95 ya 24,000 ni dola 1,188, zaidi ya kodi yote ya Iowa, hivyo deni la Iowa linafutika na Illinois inaachwa kama ilivyo. Programu nyingi zitakuruhusu kufanya hivyo bila kelele.

Iowa itakataa. Nafuu hiyo ni kwa kodi ambayo jimbo jingine lilikuwa na haki ya kuitoza, na kwa mujibu wa makubaliano Illinois haikuwa na haki hiyo. Kukatwa kimakosa hakugeuki kuwa kodi halali. Pesa zako ziko Illinois, na dawa ni kuzidai Illinois.

Linganisha njia mbili. Angefaili Illinois peke yake kama mkazi wa mwaka mzima, kodi ingekuwa dola 2,448, angeongeza dola 15 na kudhani amemaliza, huku deni la Iowa likikua nyuma yake. Kwa njia sahihi analipa 1,316 Illinois na 623 Iowa, jumla 1,939. Tofauti ni dola 509, na hata kodi ya wilaya ya shule ikiongezwa bado yuko mbele.

Mpangilio wa tarehe

Illinois inafuata tarehe ya serikali kuu, 15 Aprili 2026. Iowa ni 30 Aprili. Anayesubiri wiki ya mwisho atalazimika kutoa dola 623 mfukoni wakati zile 1,117 bado ziko Illinois. Kwa hiyo peleka Illinois mapema, Februari ikiwezekana, barua ya mwajiri ikiwa mkononi, kwani ritani isiyolingana na W-2 inaweza kusimamishwa ikisubiri nyaraka. Iowa unaweza kuituma siku hiyohiyo na kuchagua kulipa baadaye, mradi pesa ziingie kabla ya 30 Aprili. Kuchelewa kulipa Iowa kuna adhabu ya asilimia 5, na kuchelewa kufaili ukiwa hujalipa asilimia 90 ya kodi ni asilimia 10, riba ikiongezwa juu.

Weka kwenye faili moja: mkataba wa nyumba ya Davenport wenye tarehe ya kuanza, barua ya kuachia nyumba ya Rock Island, bili ya kwanza ya umeme, nakala ya leseni ya udereva ya Iowa, na ile hati ya mshahara ya 11 Julai. Leseni iliyochelewa kubadilishwa haifuti ukweli kwamba ulihama, ila inakupa kazi ya kujieleza.

Wasaidizi wa bure wa kujaza kodi, wa mpango uitwao VITA, wapo pande zote mbili za mto. Piga simu kwanza uulize kama kituo kinashughulikia mkazi wa sehemu ya mwaka mwenye majimbo mawili, usije ukapoteza Jumamosi nzima kwenye foleni.

Kwa mwenye hali tofauti kidogo

Mke aliyebaki Rock Island hadi shule zifungwe ana tarehe yake mwenyewe, na Schedule NR ina nafasi ya tarehe za kila mmoja. Akibaki Illinois mwaka mzima huku mume amehama, Illinois inawaruhusu kuchagua: kufaili pamoja, wote wakihesabiwa wakazi, au kufaili kila mtu kivyake hata kama ritani ya serikali kuu ni ya pamoja. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Makubaliano ni ya mshahara tu. Anayeishi Davenport na kubeba abiria au chakula kwa kujitegemea upande wa Illinois, au aliyeshinda kasino ng'ambo, halindwi nayo. Kwa huyo Illinois ina haki ya kutoza, na hapo IA 130 ndipo mahali pake.

Aliyefanya kosa hili miaka iliyopita anasahihisha kwa IL-1040-X upande wa Illinois, na upande wa Iowa kwa ritani ya mwaka huo kama hakuwahi kuipeleka. Hapa pana saa inayokimbia: kwa kawaida Illinois inakubali dai la kurudishiwa ndani ya miaka mitatu. Barua ya Iowa ikikukuta baada ya hapo, utailipa Iowa na Illinois haitakurudishia, na mshahara mmoja umelipiwa kodi mara mbili bila njia ya kurudi nyuma. Ukigundua kosa leo, dai Illinois leo, usingoje Iowa ikuandikie.

Mwaka 2026

IL-W-5-NR iende kwa mwajiri wiki hii. Malipo yanayofuata, tazama mstari wa kodi ya Illinois kwenye hati ya mshahara: usome sifuri. Kisha uliza kama kampuni inaweza kukata kodi ya Iowa. Ikiweza, jaza IA W-4, fomu ya mwajiri ya kukata kodi ya Iowa. Mwajiri asiye na shughuli Iowa halazimiki kukata, na akikataa, ndugu huyu atajilipia mwenyewe kwa awamu nne: 30 Aprili, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Januari 2027, kupitia GovConnectIowa, tovuti ya kodi ya jimbo hilo. Kwa mshahara uleule wa 52,000 na punguzo la 2026 la dola 16,100, kodi ya Iowa ya mwaka mzima ni takriban dola 1,324 kabla ya ile ya wilaya ya shule, sawa na dola 331 kila awamu. Dola 93.57 ambazo hazikatwi tena kila wiki mbili zinatosha kabisa, kama atazihamishia kwenye akaunti ya pembeni siku ileile mshahara unapoingia.